Uzi maalumu wa kriptokorine: majani yakiyeyuka usiung'oe mmea, na maji yetu ya kisima yanaufaa

Tangi_Mkunazini (mleta uzi)

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Humu hakupiti muda bila mtu kulalamika: kanunua mmea wa tangi la samaki Dar, kavuka nao kwa boti, kaupanda vizuri, baada ya wiki majani yote yamelainika na kuyeyuka, basi kaung'oa kautupa. Nikiomba picha, mara nyingi ni kriptokorine, na shina lake lilikuwa hai. Hilo linaniuma, kwa sababu kwa maji na umeme wa Unguja sijaona mmea wa tangi unaotufaa kuliko huu. Nimefungua uzi huu tuyaweke yote pahala pamoja.

Kriptokorine si mmea mmoja. Ni jenasi, yaani kundi la mimea ya jamaa moja, yenye spishi zaidi ya 50, zote kwao ni Asia ya joto: India, Sri Lanka, Myanmar, Thailand, Malaysia, Indonesia, Ufilipino, mpaka kisiwa cha New Guinea. Ukoo wake ni ule ule wa majimbi, Araceae. Aliyewahi kumenya majimbi anajua yanavyowasha. Karibu ukoo mzima una vijisindano vidogo mno vya kalsiamu oksaleti ndani ya majani na mashina, kwa hivyo ukishapogoa nawa mikono, na watoto wasitie majani mdomoni.

Huko kwao nyingi zinaota kando ya vijito vya msituni, chini ya kivuli cha miti mikubwa. Mvua zikija maji yanapanda yanaufunika mmea wote. Kiangazi yanashuka, mmea unabaki juu ya tope, majani hewani. Kwa hivyo umejifunza kuishi kote kuwili, lakini kwa majani tofauti: ya hewani ni magumu kidogo, ya majini ni mepesi na mara nyingi ni membamba zaidi. Jani la hewani halibadiliki kuwa la majini. Hali ikibadilika, mmea unayaacha ya zamani na kutoa mapya.

Sasa fikirini mmea unavyotufikia. Mashamba makubwa mengi yanaukuza nje ya maji, kwenye banda lenye unyevu, kwa sababu hapo unakua upesi na majani hayashiki utando wa kijani. Wewe unauzamisha siku hiyo hiyo ulioupata. Majani yale ya hewani hayana kazi tena, yanakuwa kama kioo, yanatoboka, yanakatika. Hata mmea uliokwisha zoea majini unaweza kufanya hivyo ukihamishwa tangi, ukibadilishiwa taa, ukipata joto la ghafla au maji mengine kabisa. Wafugaji wa samaki duniani kote wanaijua hali hii. Si ugonjwa wala hauambukizi mimea mingine.

La kufanya ni hili. Shina na mizizi usiviguse. Chukua mkasi, kata majani yaliyolainika karibu na shina, yatoe majini. Usiyaache yaozee humo, kwani yakioza yanakula oksijeni na kutoa amonia, na amonia inaua samaki. Usihamishe mmea, usiongeze mbolea ya maji kwa kuuhurumia, usizidishe taa. Kama una wasiwasi, fukua mchanga kidogo kwa kidole ubonyeze shina: likiwa gumu, liko hai. Likiwa bofu na linanuka, hilo limekufa kweli. La hai, baada ya wiki mbili mpaka nne, utaona ncha ndogo zinachomoza, na majani hayo mapya yamezaliwa ndani ya maji yako, ndiyo yatakayokaa.

Nikienda kwenye maji: Unguja sehemu kubwa ni jiwe la matumbawe. Maji ya mvua yanapita kwenye jiwe hilo, yanachukua chokaa, ndiyo tunayoyachota kisimani. Tazama birika lako ndani, ule ukoko mweupe. Tazama sabuni inavyokataa kutoa povu. Maelezo mengi ya mimea ya tangi yanahimiza maji laini (yasiyo na chokaa nyingi; yenye chokaa nyingi ndiyo magumu), mtungi wa kaboni dayoksaidi na taa kali, na mtu wetu akisoma anakata tamaa. Kriptokorine za Sri Lanka hazitaki hayo. Cryptocoryne wendtii, iliyopewa jina na mtaalamu wa Uholanzi de Wit mwaka 1958, inaishi vizuri kwenye maji magumu. Cryptocoryne beckettii na Cryptocoryne walkeri vilevile. Cryptocoryne crispatula, yenye majani marefu membamba yaliyojikunja kama riboni, na Cryptocoryne usteriana ya Ufilipino, hizo hata kwao zinapatikana kwenye maji yenye chokaa. Za kuziacha ni zile za vinamasi vya maji meusi vya Borneo, zinazotaka maji laini yenye asidi. Hizo kwa kisima cha Unguja ni kupoteza fedha.

Kuna wanaotia majani makavu ya mti wa mkungu tanginini, kama wanavyofanya Asia ya Kusini Mashariki. Si vibaya, maji yanapata rangi ya chai na samaki wengi wanatulia. Lakini msitaraji yatayafanya maji yetu kuwa laini. Chokaa iliyomo ni nyingi kuliko nguvu ya jani.

Udongo ndio wenye kazi zaidi. Kriptokorine inakula kwa mizizi, na mizizi yake ni mingi, inajaza tangi zima chini. Ukiipanda kwenye mchanga mtupu itaishi, lakini itadumaa. Mchanga mweupe wa pwani uacheni pwani: ni vipande vya matumbawe na makombe, chokaa tupu, na kwenye chokaa mmea haupati chuma sawasawa, jani jipya linatoka la njano na mishipa tu ndiyo ya kijani. Kokoto za hapa nazo nyingi ni jiwe la chokaa. Kipimo hakina gharama: weka kidogo kwenye kisahani, tia siki. Ikitoa povu, ni chokaa. Isiyotoa povu ndiyo ya tangi.

Kwa mbolea, udongo mwekundu wa kinongo una chuma, ndicho kinachoupa wekundu. Chekecha utoe vijiwe, upime kwa siki kama ulivyopima mchanga, ukande na kinamo kidogo, viringisha vidonge vidogo, vikauke juani siku kadhaa. Kila shina lizikie kidonge kimoja chini ya mizizi, kina cha kidole. Usivitie juu, maji yatachafuka. Baada ya miezi michache zika vingine.

Taa ya kawaida ya LED, saa nane kwa siku, inatosha. Zaidi ya hapo unakuza utando wa kijani. Na kwa sababu mmea huu unakua polepole na haudai mtungi wa gesi, umeme ukikatika haudhuriki upesi. Waliokuwa Unguja Disemba 2009 mpaka Machi 2010, umeme ulipotoweka kisiwa kizima, wanafahamu kwa nini nalisema hili. Samaki watahitaji hewa, hilo ni jambo jingine, lakini mmea ukipata mwanga wa dirishani utasubiri.

Maswali karibuni.

Ngambo_Ghorofani

Sheikh, shukran, umenifungua macho. Mimi nakaa ghorofa ya juu, mchana maji ya tangi yanakuwa ya vuguvugu kabisa. Nikipima nakuta digrii 31, siku nyengine 32. Nayo itavumilia?

Tangi_Mkunazini

Itavumilia kwa shida, sheikh wangu. Inapendelea digrii 22 mpaka 28. Wendtii inastahamili 30, lakini ikikaa juu ya hapo kaskazi nzima inadumaa, na kila joto likiruka majani yanayeyuka tena. Kwanza lishushe tangi chini, mbali na ukuta unaopigwa na jua la magharibi. Pili ondoa kifuniko, weka wavu samaki wasiruke, uelekeze feni ndogo ipulize juu ya maji. Yakivukizwa yanapoa, digrii mbili mpaka tatu zinashuka. Ila yatapungua, na unapojaza jaza maji ya mvua, si ya kisima. Maji yanapovukizwa chokaa inabaki. Ukijaza ya kisima kila mara unaizidisha.

Binti_Wete

Kaka mleta uzi, sisi huku Pemba tuko karibu na bahari, kisima chetu kina munyu. Si mwingi, chai inanyweka, lakini mgeni anauhisi. Nimeshajaribu mimea mengine ikafa. Je, kriptokorine?

Tangi_Mkunazini

Dada yangu, swali lako ndilo nililokuwa nalisubiri. Ipo moja inaitwa Cryptocoryne ciliata. Hii huota pwani, midomoni mwa mito, kwenye tope ambalo maji ya bahari yakijaa yanalifikia, pahala pa mikoko na minazi ya maji. Imeenea kutoka India mpaka New Guinea, na munyu kidogo si tatizo kwake. Ni kubwa, majani ya kijani yaliyochongoka, kwa hivyo tangi lisiwe dogo. Mbegu zake nazo zina mambo: zinaanza kuota zikiwa bado kwenye tunda, zikidondoka ni miche tayari, kama inavyofanya mikoko yetu. Tope linalohamahama na maji linataka mche ulio tayari kushika.

Usipoipata hiyo, wendtii pia utaikuza, ila changanya. Masika na vuli kinga maji ya bati. Mvua ya mwanzo iache ioshe paa na vumbi, ya baadaye ndiyo uikinge kwenye pipa safi lenye kifuniko, mbu wasizaliane. Nusu ya mvua, nusu ya kisima. Muhimu usibadilishe ghafla. Kila wiki toa robo ya maji ya tangi, jaza mchanganyiko huo.

Binti_Wete

Shukran sana kaka, Mungu akuzidishie. Na mmea wangu uliobaki vishina tu, niliukuta jana mgumu ulivyosema, lakini mizizi imekuwa rangi ya kahawia. Ni dalili mbaya?

Tangi_Mkunazini

Hapana. Mizizi mikongwe inakuwa ya kahawia. Uache hapo hapo, usiufukue tena kuutizama.

Kijana_Bububu

Mkuu, mimi nina wazo. Vijito vyetu vipo, joto lipo, kivuli kipo. Kwa nini tusipande hizi kriptokorine mtoni kabisa, Mwera au kwenye misingi ya Bumbwisudi, zikajizalia zenyewe tukawa tunavuna na kuuza? Mahoteli yangenunua.

Mkulima_wa_Cheju

Mwanangu, hapo sikuungi mkono. Sisi wakulima wa mpunga tunajua kazi ya kung'oa gugu bondeni. Umeona gugumaji lilivyoifanya Ziwa Victoria? Nalo lilitoka Amerika ya Kusini kwa sababu maua yake yalipendeza watu wakayatia kwenye vidimbwi vyao.

Tangi_Mkunazini

Mzee wangu wa Cheju amesema la haki, na mimi nalitilia nguvu, kwa sababu kwa kriptokorine yenyewe limeshatokea. Cryptocoryne beckettii, hiyo hiyo ninayoisifu hapo juu, ilikutwa Marekani kwenye mto San Marcos, Texas, miaka ya 1990. Inaaminika ilitupwa na mfugaji wa samaki. Mto ule unatoka chemchemi ya chokaa, maji safi yenye joto lile lile mwaka mzima. Ikatandaa kitako cha mto, ikawa inashindania pahala na mpunga pori wa Texas, Zizania texana, mmea ambao duniani kote unaota mwituni kwenye mto huo tu. Ikabidi serikali ilete watu kuing'oa chini ya maji, maana kipande cha shina kikibaki kinaota upya.

Kijana wangu, chemchemi ya chokaa yenye maji ya joto ndiyo tuliyonayo sisi. Sababu zinazoifanya itufae tanginini ndizo zinazoifanya iwe hatari mtoni. Na sisi tuna vyetu vya kulinda. Kuna kisamaki kinaitwa Nothobranchius guentheri, dume lake lina mkia mwekundu, kwao ni kisiwa hichi cha Unguja. Kinaishi kwenye vidimbwi vya mvua. Kidimbwi kikikauka wakubwa wanakufa, mayai yanabaki kwenye tope yakisubiri mvua nyengine. Kidimbwi kama kile kikijaa mmea wa kigeni, sijui tutamwomba nani atuletee samaki wetu.

Ukitaka kuuza, na nakutakia riziki njema, kuza nyumbani kwenye madishi. Dishi pana la plastiki, udongo wa kinamo na mchanga vidole vinne, maji yafunike udongo tu, juu funika karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, weka kivulini. Hivyo ndivyo mashamba makubwa wanavyofanya. Majani yatakuwa hewani na mmea utatoa maotea kwa pembeni. Maotea yakifika majani manne au matano na mizizi yake, yakate kwa kisu kikali. Maji ya dishi yamwage kwenye migomba, yasiende mtaroni. Na wanunuzi wako uwaambie ukweli, kuwa majani yale yatayeyuka wakiyazamisha na wasitishike. Muuzaji akisema hili mapema, mteja anarudi.

Kijana_Bububu

Nimekufahamu mkuu, na mzee wangu wa Cheju nisamehe. Nitaanza na dishi.

Mwalimu_Mstaafu

Nimefuatilia kwa makini. Nilisomesha elimu ya viumbe skuli miaka mingi, na nasikitika hatujazungumza ua. Jamaa wa majimbi wana maua ya ajabu, hii nayo itakuwa hivyo. Nani amewahi kuliona?

Tangi_Mkunazini

Mwalimu, nashukuru umelitaja, maana kwangu mimi ua ndilo linalonifanya niupende mmea huu.

Chini ya maji ni nadra kulipata. Kwenye dishi, majani yakiwa hewani, linatoka bila tabu. Unachokiona nje si petali, ni jani lililojikunja likawa mrija. Juu mrija unafunguka kipande kimoja chenye rangi: wendtii na beckettii ni kahawia au zambarau iliyochanganyika na manjano, ciliata kingo zake zina nywele ndefu. Chini kabisa mrija unavimba, unafanya chumba kidogo. Ndani ya chumba hicho ndimo maua yenyewe yalimo, madogo mno: ya kike yamezunguka kitako, ya kiume yako juu yake kwenye kijiti.

Linapofunguka linatoa harufu. Visinzi, yaani vijinzi vidogo mno, vinafuata, vinateremka mrijani, vinaingia chumbani, na kutoka haviwezi kwa muda. Wakati huo maua ya kike ndiyo yaliyo tayari. Kama visinzi vimebeba chavua ya ua jengine, vinaiacha hapo. Baadaye ya kiume yanafungua chavua yao, visinzi vinapakwa, njia inalegea, vinatoka kwenda kwa ua jengine. Ua haliwezi kujichavusha kirahisi, kwa sababu kike kimetangulia kiume. Kwa kiumbe kinachoweza kuzaa kwa maotea tu miaka na miaka, kujipangia haya yote ni jambo linalonishangaza kila nikilipasua ua kulitizama.

Na kwa wataalamu ua ndilo kitambulisho. Majani hayaaminiki: wendtii moja inaweza kuwa ya kijani, ya kahawia, nyekundu, pana, nyembamba, kwa kutegemea taa na udongo. Ndiyo maana majina ya madukani yanavurugika. Ukinunua "nyekundu" ikageuka kijani kwako, huenda hukudanganywa, taa yako ndiyo nyengine.

Mwalimu_Mstaafu

Allah akubariki. Hilo la kike kutangulia kiume ningelipata zamani darasani, wanafunzi wangelifurahia sana.

Mchuuzi_Darajani

Na wale wasiotaka mmea wa nje? Yungiyungi letu halifai?

Tangi_Mkunazini

Linafaa kwa dimbwi la uani au karo pana lenye jua, na ni fahari yetu: aina ya buluu ya Afrika Mashariki jina lake la kisayansi limebeba jina la Zanzibar, Nymphaea nouchali ya aina zanzibariensis. Lakini tanginini chumbani linataka jua kali na nafasi, majani yanapanda juu yanatanda, chini kunakuwa giza. Chini ya giza hilo, ndugu yangu, kriptokorine ndogo inaishi raha kabisa. Vyote viwili unaweza kuviweka karo moja, maadamu karo haina njia ya kwenda mtoni.

Ngambo_Ghorofani

La mwisho sheikh, kuleta mimea kutoka Dar au nje kuna masharti?

Tangi_Mkunazini

Yapo. Mmea wowote unaoingia kisiwani unapitia karantini ya mimea, kwa hivyo waulize wahusika wa bandarini kabla hujanunua, si ukishafika na mfuko mkononi. Na ukifika nyumbani, suuza mizizi yote uondoe udongo wa shambani, weka mmea kwenye ndoo peke yake wiki mbili, tizama kama kuna konokono au mayai yao, hasa vile vifuko vya utelezi chini ya jani. Majani yakiyeyuka humo ndooni, kata, acha shina. Baada ya hapo tia tanginini.

Walio Mjini wanaotaka maotea ya wendtii waandike hapa chini, nitawagawia bila malipo nikipunguza tangi. Pemba nitaangalia utaratibu wa karantini kwanza, dada yangu wa Wete, halafu nitakujibu humu humu.